Kuongeza au kuacha? Sayansi ya viambatisho kwenye maombi ya chuo

Umejaza fomu ya kuomba chuo Marekani. Alama zipo, insha ipo, barua za walimu wawili zimeshatumwa. Kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma, unaikumbuka ile bahasha kubwa ya kaki iliyo kabatini: cheti cha mdahalo, cheti cha kushiriki semina ya siku mbili, cheti cha kozi ya mtandaoni, barua ya mheshimiwa diwani, video ya pampu ya maji uliyoitengeneza, picha ukipanda miti. Swali linakuja lenyewe: niviweke vyote?

Wengi wetu hujibu haraka: weka! Kizuri kikiongezwa juu ya kizuri si mambo yanazidi kunoga? Na hata visiposaidia, havitadhuru.

Hilo neno la mwisho, "havitadhuru", ndilo tutakalolichunguza leo. Wanasaikolojia wanaosoma jinsi watu wanavyofanya uamuzi wamelipima tangu miaka ya 1960, na matokeo yao hayaliungi mkono.

Na jambo lenyewe si dogo. Kila karatasi ya ziada ina gharama. Unalipa steshenari kuskani, unamlipa wakili agonge mhuri, unanunua bando ili video ipande. Wapo wazazi wanaokwenda mbali zaidi, wanalipia programu za "utafiti" za mtandaoni kwa wanafunzi wa sekondari, nyingine zikigharimu maelfu ya dola, ili mtoto apate tu kitu cha kuambatisha. Kama hela hiyo inaweza kushusha maombi badala ya kuyapandisha, ni vyema tujue mapema.

Kwa nini swali hili ni la Marekani hasa

Kwetu Afrika Mashariki swali hili karibu halipo. Tanzania, mhitimu wa kidato cha sita anaingia chuo kikuu kwa pointi. Utaratibu wa TCU unatazama masomo mawili makuu, A ikiwa na pointi 5 na E pointi 1, na kiwango cha chini cha jumla kwa kawaida ni pointi 4. Kenya, KUCCPS hupiga hesabu ya alama za masomo ya KCSE yanayohusiana na kozi unayoitaka. Mfumo haujali kama wewe ulikuwa nahodha wa timu ya mdahalo. Hata ukiambatisha cheti, hakuna mtu wa kukisoma.

Uingereza wana UCAS. Pale unaandika maelezo binafsi yasiyozidi herufi 4,000 na mwalimu mmoja anakuandikia maelezo ya kukuthibitisha. Fomu yenyewe haina mahali pa kutundika vyeti vyako vya ziada.

Marekani ni habari nyingine. Vyuo vingi vyenye ushindani mkubwa vinasema vinamtazama mwombaji kwa ujumla wake: alama, insha, shughuli, walimu wanavyomwona, mazingira aliyotoka. Zaidi ya vyuo 1,000 hutumia fomu moja ya pamoja iitwayo Common App. Ndani yake una insha ya maneno yasiyozidi 650, nafasi 10 za shughuli na nafasi 5 za tuzo. Kisha kuna kisanduku cha maelezo ya ziada, na baadhi ya vyuo vinaruhusu kupakia kazi za sanaa, muziki, utafiti au ubunifu. Hapo ndipo mlango unapofunguka, na hapo ndipo bahasha ya kaki inapoanza kutushawishi.

Msomaji wako ana dakika ngapi?

Tuanze na upande wa pili wa meza. Mwaka 2022 Harvard ilitoa majibu kwa waombaji zaidi ya 61,000, ikachukua wasiofika 2,000. UCLA imekuwa ikipokea maombi zaidi ya 140,000 kwa mwaka kutoka kwa wanaoanza shahada ya kwanza. Maombi hayo yanasomwa na watu, katika miezi michache.

Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal liliripoti kwamba baadhi ya vyuo vyenye ushindani vilikuwa vikipitia maombi ya mtu mmoja kwa dakika 8 au chini ya hapo. Mbinu mojawapo ni wasomaji wawili kukaa pamoja, mmoja akipitia masomo na mwingine akipitia yaliyobaki.

Sasa piga hesabu ndogo. Dakika 8 ni sekunde 480. Maombi yako yakiwa na vipande 5 vya kusoma, kwa wastani kila kipande kinapata sekunde 96. Ukiongeza vinne vikawa 9, kila kimoja kinapata sekunde 53. Bila shaka msomaji hagawi muda wake kwa rula namna hiyo, lakini unaona kinachotokea. Ukiongeza karatasi, muda wa msomaji uko palepale. Sekunde anazotumia kutazama cheti cha semina zimetoka mahali fulani, pengine kwenye insha uliyoiandika kwa wiki tatu.

Maafisa udahili wa Marekani wana utani wao wa zamani kuhusu jambo hili. Husema faili likiwa nene, na mtoto naye ni mnene, wakilichezea neno la Kiingereza lenye maana mbili: unene wa kitu, na uzito wa kichwa katika kuelewa. Ni utani mkali, lakini unaonyesha kwamba wingi wa karatasi hausomwi kama wingi wa sifa.

Kichwa cha mtu hujumlisha, au hutafuta wastani?

Tuingie kwenye sayansi yenyewe. Tunapoongeza viambatisho, huwa tunadhani msomaji anajumlisha. Alama zako, chukulia, zina uzito wa 9 kati ya 10, insha 9, cheti cha semina 6. Jumla 24, safi! Cheti kimeleta 6 ambazo hazikuwepo.

Mwaka 1965 mwanasaikolojia Norman Anderson alichapisha majaribio yaliyolilenga swali hilohilo. Aliwapa watu maneno yanayomweleza mtu, kisha akawauliza wanampenda kiasi gani. Baadhi walipewa maneno mawili yenye sifa nzuri sana. Wengine walipewa mawili mazuri sana pamoja na mawili mazuri ya kawaida. Kama vichwa vyetu vingekuwa vinajumlisha, mtu wa pili angeshinda, maana ana yote ya mwenzake na nyongeza juu. Kumbe matokeo yalikwenda kinyume: sifa za kawaida zilimshusha.

Anderson alieleza hivi: tunapomjua mtu, tunatafuta wastani wa yale tunayoyasikia, na tunaanza na hisia ya katikati, yaani kabla hatujajua lolote.

Tuiweke kwa namba zetu wenyewe. Chukulia msomaji anaanza na 5 kati ya 10, maana hakujui. Akasoma vitu viwili vyenye 9. Wastani wa 5, 9 na 9 ni karibu 7.7. Ukimwongezea vingine viwili vyenye 9, wastani wa vyote vitano unapanda hadi 8.2. Lakini ukimwongezea viwili vyenye 6 badala yake, wastani unashuka hadi 7.0.

Ziangalie vizuri namba hizo, kwa sababu zina mafunzo mawili. La kwanza, kuongeza si kubaya kwa lenyewe. Kitu imara kama vile ulivyonavyo kinamthibitishia msomaji kile alichoanza kukiamini, na unapanda. La pili, kile cha 6 si kibaya. Kiko juu ya katikati, tena ni kizuri! Ila ni kizuri kidogo kuliko vilivyotangulia, na hilo tu linatosha kukushusha.

Vyombo vya mezani

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Christopher Hsee, uliochapishwa mwaka 1998. Aliwaambia watu wafikirie wananunua seti ya vyombo vya mezani. Seti ya kwanza ilikuwa na vyombo 24, vyote vizima: sahani, mabakuli na sahani ndogo. Seti ya pili ilikuwa na vyombo 40. Ndani yake vilikuwemo vilevile 24, vizima kabisa, na juu yake vikombe 8, viwili vimevunjika, na visahani 8 vya vikombe, saba vimevunjika.

Hesabu ni rahisi. Seti ya pili ina vyombo vizima 31, ya kwanza 24. Ya pili ina kila kitu cha ya kwanza pamoja na vikombe 6 na kisahani 1 vya bure. Mtu mwenye akili timamu angelipa zaidi kwa ya pili.

Walioonyeshwa seti moja tu, bila kuiona nyingine, walikuwa tayari kulipa karibu dola 33 kwa ile ya vyombo 24, na karibu dola 23 kwa ile ya vyombo 40. Ndiyo, dola 10 chini kwa mali iliyo nyingi zaidi. Vile vilivyovunjika viliwafanya waione seti nzima kama seti mbovu. Wahenga wetu walishasema samaki mmoja akioza wote wameoza.

Lakini utamu wa jaribio uko hapa. Watu wengine walionyeshwa seti zote mbili kwa pamoja, moja kando ya nyingine. Hao waliipa thamani kubwa zaidi ile ya 40. Walipoweza kulinganisha waliona wazi kwamba ina vyote vya mwenzake na zaidi.

Sasa jiulize: kwenye maombi ya chuo, nani anaona seti zote mbili? Ni wewe tu. Umekaa mbele ya kompyuta, upande huu maombi bila viambatisho, upande ule maombi yenye viambatisho. Ukilinganisha hivyo, vingi vitashinda daima, kwa sababu vina kila kitu cha vichache. Afisa udahili hana anasa hiyo. Anaona toleo moja, ulilolituma, na hajui ungeweza kuacha nini.

Kwa maneno mengine, mahali ulipokaa ndipo panapokufanya uone kwamba kuongeza ni salama. Unaweza kuwa makini, mwerevu na mwaminifu kwa nafsi yako, na bado jicho lako likakudanganya, maana unatazama meza tofauti na ya msomaji.

Mtoaji na mpokeaji

Mwaka 2012 Kimberlee Weaver, Stephen Garcia na Norbert Schwarz walilipima jambo hili kutoka pande zote mbili: anayetayarisha na anayepokea. Waliligundua katika hali nyingi tofauti, hata kwenye adhabu. Fikiria faini ya dola 750 kwa kutupa taka ovyo, na upande mwingine faini ileile ya dola 750 pamoja na saa 2 za kazi za jamii. Wengi waliopewa kazi ya kupanga adhabu walichagua ya pili wakiamini ni kali zaidi. Walioipima kama wapokeaji waliiona ni nyepesi kuliko faini peke yake. Saa 2 zile ziliipooza.

Watafiti hao walisisitiza kwamba hawa si watu wa aina mbili. Mtu yuleyule akipewa kazi ya kutayarisha anaongeza, akipewa kazi ya kupokea anatafuta wastani. Afisa udahili mwenyewe, siku anayoandika wasifu wake wa kuomba kazi, huenda naye akajaza.

Kuna tatizo jingine la jirani. Mwaka 1981 Richard Nisbett, Henri Zukier na Ronald Lemley walionyesha kwamba taarifa isiyohusika huzimua nguvu ya taarifa inayohusika. Wahukumu waliokuwa na dalili nzito kuhusu mtu fulani walitoa hukumu ya wazi. Walipochanganyiwa maelezo ya kawaida, yasiyothibitisha wala kukanusha lolote, hukumu zao zilipoa. Ni kama mchuzi uliotiwa maji: nyama ni ileile sufuriani, ila ladha imekimbia.

Kwa hiyo hata kiambatisho kisicho na ubaya wowote, kisichosema lolote, kina bei yake.

Tusivuke mipaka ya ushahidi

Ngoja tuwe wakweli kama wanasayansi. Majaribio haya yalifanywa na wanafunzi na watu wa kawaida, wakipima vyombo, adhabu na maelezo ya watu. Hawakuwa maafisa udahili wenye uzoefu wa miaka. Afisa aliyefundishwa ana fomu za kujaza na vigezo vya kufuata, na kazi ya vigezo hivyo ni kupunguza upotoshaji wa aina hii. Huwezi kuchukua dola 10 za vyombo ukasema cheti kimoja kitakupunguzia kiasi fulani cha nafasi.

Tunachoweza kusema ni hiki: ile imani kwamba nyongeza haiwezi kudhuru haina msingi. Ukishaiondoa imani hiyo, kila kiambatisho kinalazimika kujieleza kwa nini kiwepo.

Maswali matatu ya kukiuliza kila kiambatisho

*1. Je, chuo kimekiomba au kimekiruhusu?* Anza hapa, kwa sababu vyuo havifanani. MIT wana fomu yao wenyewe, nje ya Common App, na wanaruhusu kwa hiari kuwasilisha kazi za ubunifu, utafiti, muziki au sanaa. Kwa upande mwingine, University of California, yenye kampasi 9 za shahada ya kwanza, haiombi barua za mapendekezo kwenye fomu yake ya kawaida. Unajibu maswali 4 kati ya 8, kila jibu lisizidi maneno 350, basi. Ukiwatumia barua tatu ambazo hawakuziomba, umeonyesha kwamba hukusoma maelekezo. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo, kimoja baada ya kingine. Kisichoruhusiwa, usikitume kwa barua pepe kupitia mlango wa nyuma.

*2. Je, kinasema jambo ambalo halipo mahali pengine?* Kama umeandika "Mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, 2023 hadi 2025" kwenye orodha ya shughuli, cheti cha klabu hiyohiyo hakiongezi habari. Kinarudia tu. Barua ya mwalimu wa tatu ikisema wewe ni mchapakazi na mwenye nidhamu, kama walivyosema wawili wa kwanza, msomaji amepoteza dakika na hajapata kitu.

*3. Je, ni imara angalau sawa na wastani wa vilivyomo?* Hapa ndipo pagumu, kwa sababu kila cheti tumekitolea jasho. Lakini swali si kama ulihangaika kukipata. Swali ni msomaji atakachokiona kwa dakika moja. Cheti cha "kushiriki" kinamwambia ulihudhuria, basi. Uwepo wako kwenye semina si sifa ndogo kwako, ila kwa mgeni ni 6, na insha yako ni 9.

Kiambatisho kikipata "ndiyo" tatu, kiweke bila woga. Kikipata "hapana" moja, kiache. Uzuri ni kwamba, mahali panapoitwa pa hiari, kutoweka kitu hakuachi shimo. Msomaji hahesabu visanduku vitupu vya hiari.

Tufungue bahasha

Tuirudie orodha yetu ya mwanzo, kipande kwa kipande.

Cheti cha mdahalo: shughuli yenyewe iandike kwenye nafasi ya shughuli. Kama ulishinda, iandike kwenye tuzo ukitaja kiwango, yaani shule, wilaya, mkoa au taifa. Karatasi ibaki nyumbani.

Cheti cha semina ya siku mbili: kiache.

Cheti cha kozi ya mtandaoni: kozi ikikufanya utengeneze kitu, kitaje hicho kitu. Cheti chenyewe kinathibitisha tu kwamba ulimaliza video.

Barua ya diwani: hii tuiseme wazi, maana kwetu barua ya mkubwa ina heshima yake na mzee aliyekuombea barua hiyo alikuwa na nia njema. Lakini afisa aliyeko Boston au Chicago anatafuta mtu aliyekuona ukifanya kazi. Mheshimiwa akiandika kwamba unatoka familia nzuri na anakutakia kila la heri, msomaji anajifunza kwamba familia yako inafahamiana na mheshimiwa. Barua ya mwalimu wa maabara aliyekuona ukikaa hadi jioni ukirekebisha vali ina nguvu mara nyingi zaidi, hata kama hana cheo. Mshukuru mzee, kisha tumia barua ya mwalimu.

Picha ya kupanda miti: iache, isipokuwa kama wewe ndiye uliyeanzisha kitalu, na hapo hadithi hiyo ikae kwenye orodha ya shughuli.

Video ya pampu: hii sasa! Haipo kwenye alama, haipo kwenye barua, na inaonyesha unachoweza kufanya badala ya kusema. Kwa chuo kinachopokea kazi za ubunifu, iweke. Ila iweke vizuri. Iwe fupi, anza na pampu ikitoa maji, halafu eleza tatizo, ulichojaribu, kilichoharibika, na ulichobadilisha. Kwa chuo kisichopokea video, ieleze pampu hiyo kwa maneno kwenye shughuli au insha.

Kutoka vitu sita tumebaki na kimoja cha kuambatisha. Na hicho kimoja sasa kina nafasi ya kuonekana.

Nyongeza ambayo wengi wetu tunaisahau

Kuna aina moja ya maelezo ya ziada ambayo mwombaji wa Afrika Mashariki anaihitaji kuliko cheti chochote: muktadha.

Chukua alama. Kwenye mtihani wa kidato cha nne wa NECTA, A inaanzia 75, na B inaanzia 65. Kidato cha sita, A inaanzia 80. Mmarekani amezoea shule ambako 75 kwa kawaida ni C. Ripoti za shule yako zikionyesha asilimia bila maelezo, 76 ya Fizikia uliyoipigania usiku na mchana inaweza kusomeka kama alama ya mtu wa katikati. Hapa huongezi sifa, unamzuia msomaji asikosee kusoma sifa uliyonayo.

Mahali bora pa kueleza hili ni kwenye maelezo ya shule yanayotumwa na mkuu wa shule au mwalimu mshauri. Muulize kwa heshima kama yana jedwali la madaraja. Kama hayana, mwombe aliongeze, na ikishindikana, andika sentensi mbili kwenye kisanduku cha maelezo ya ziada.

Chukua pia kalenda. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, wakati vyuo vingi vya Marekani hufunga kupokea maombi kati ya Novemba na Januari. Ukiomba ukiwa bado shuleni, huna matokeo ya mwisho, na msomaji asiyejua anaweza kujiuliza kwa nini. Ukiomba baada ya matokeo, una mwaka mzima katikati, eleza uliutumiaje. Shule ilifungwa, ulihama, ulikosa mwalimu wa Kemia kwa muhula mzima, mzazi aliugua ukawa unashinda dukani: haya yote yana nafasi yake, kwa lugha ya kawaida bila kulia.

Ila kuwa mfupi. Kuanzia msimu wa 2025 hadi 2026, Common App ilipunguza kisanduku cha maelezo ya ziada kwa wanaoanza chuo kutoka maneno 650 hadi 300. Ni ishara kwamba hata wao hawataki insha ya pili imejificha humo.

Jaribio unaloweza kufanya nyumbani

Kwa kuwa tatizo kubwa ni kwamba wewe unaona matoleo yote mawili, dawa yake ni kutafuta macho yanayoona moja tu.

Tengeneza mafaili mawili. Faili A lina maombi yako pamoja na viambatisho vyote unavyofikiria. Faili B lina yaliyochujwa kwa maswali matatu. Tafuta watu wanne wasiokujua sana, mfano rafiki wa dada yako au mwalimu wa shule nyingine. Wawili wape A, wawili wape B, na usiwaambie kwamba kuna faili jingine. Kila mmoja mpe dakika 8 kwa saa, kisha chukua faili. Kesho yake waulize swali moja: "Huyu mtu ni nani?" Waandike sentensi mbili.

Watu wanne hawatoshi kuitwa utafiti, tusidanganyane. Lakini utaona jambo. Kama wa faili B wanasema "yule aliyetengeneza pampu", na wa faili A wanasema "mwanafunzi mwenye bidii na vyeti vingi", umeshajua cha kutuma.

Vyeti vingine usivitupe. Virudishe kwenye bahasha ya kaki, maana kuna fomu za ufadhili na waajiri watakaoviomba kwa majina. Wakiviomba, toa.